Kabla fundi hajakupigia windo

Hapa Kigoma kompyuta ikianza kujivuta, dawa ni moja: ipeleke mtaa wa Mwanga, fundi aipige windo, yaani aifute na kuiwekea Windows upya. Ikiingia virusi, windo. Hata spika zikikwaruza utaambiwa, "Kaka, hii inataka windo tu." Na kweli ni windo, ila anayewindwa ni wewe na mafaili yako.

Dada yangu anauza dagaa. Anachukua Kibirizi, anawakopesha akina mama wanaotembeza mitaani mpaka Ujiji. Madeni yote alikuwa anayaandika kwenye Excel, faili moja tu, ameliweka palepale kwenye desktopu. Laptopu ikawa inachukua dakika tano kuwaka, akaipeleka kwa fundi, akarudishiwa nyepesi kama mpya. Jioni akanipigia: "Mdogo wangu, ina maana madeni ya watu yamefutika?"

Yalifutika. Fundi akifomati ili apige windo, anasafisha diski C, na desktopu, Documents na Downloads kwa kawaida zinakaa humohumo. Bado kulikuwa na bahati kidogo. Kwa diski za zamani zile zinazozunguka, programu ya bure kama Recuva huweza kuokota vilivyofutwa, mradi hujaweka kitu kipya juu yake. Dada alikuwa ameshawajazia wanawe filamu. Filamu zikakalia madeni.

Kinachoniuma ni kwamba baada ya miezi miwili ikaanza kujivuta tena. Safari hii nikaishika mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager. Nenda kwenye Startup. Nilikuta programu kumi na moja zinajiwasha zenyewe kila asubuhi, nyingi hata hajui ni za nini. Nikazizima, nikaacha mbili. Halafu nikatazama diski: inatumika asilimia 100 muda wote, hata mtu akiwa hafanyi kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa imechoka. Tukaitoa, tukafunga SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 240, sasa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Kwa hiyo kama una hela ya fundi, mpe kazi hiyo, na umwambie akuhamishie kila kitu kama kilivyo.

Flashi nayo inawatapeli watu. Umeichomeka steshenari ukachapishe, umerudi nyumbani, mafolda yote yamegeuka shotikati, vile vijialama vya njia ya mkato. Usiyabofye, na usiifomati. Mara nyingi mafaili yako yamo, yamefichwa tu. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (kama flashi yako ni E), yatatokea. Kisha iskani kwa Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo.

Kuhusu krak za Office, zile programu za kuitumia bila kuilipia, sina upole. Maelekezo yake huanza na "zima antivairasi kwanza". Ni mwizi anayekuomba umfunge mbwa ndipo aingie. LibreOffice ni ya bure, inafungua mafaili ya Word na Excel, na kwa barua ya maombi ya kazi au hesabu za duka huhitaji zaidi. Jedwali gumu huweza kuhama kidogo, ndiyo. Panga upya, uendelee.

Wanaotumia hotspoti ya simu: kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa Metered connection. Windows itaacha kupakua masasisho mengi kimyakimya, na bando la wiki halitakatika Jumanne. Ila usiyakimbie masasisho moja kwa moja, yapakue ukipata intaneti ya kutosha. Walio bado kwenye Windows 10 wajue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo sasa windo jipya lina sababu, na nitakuwa wa kwanza kukupeleka Mwanga, ukishanakili vitu vyako sehemu mbili.

Dada sasa ana nakala kwenye Google Drive na nyingine kwenye flashi anayoifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya mauzo. Madeni ya zamani aliyakusanya kwa kumbukumbu, mlango kwa mlango. Wanne walilipa bila ubishi. Yule wa Ujiji mpaka leo anasema hakumbuki.