Vilma Santos: umaarufu ulimfungulia mlango, ukoo ukampa funguo

Mashabiki wa filamu wa Ufilipino waligawanyika zamani kama Simba na Yanga: huku wa Nora Aunor, kule wa Vilma Santos. Wote wawili walijaribu siasa. Mwaka 2001 Nora aligombea ugavana wa Camarines Sur, mkoa aliozaliwa, akabwagwa. Vilma alikuwa tayari meya wa Lipa, mji wa kahawa mkoani Batangas, na Batangas wala si kwao. Aliingia kwa ndoa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Wafilipino huchagua sura za sinema. Sura ingetosha, Nora naye angeshinda. Vilma, aliyeanza kuigiza akiwa mtoto na kumcheza Darna, yule shujaa anayemeza jiwe akaruka angani, aliolewa 1992 na Ralph Recto, mbunge kijana na mjukuu wa seneta Claro Recto. Jina hilo Batangas halihitaji bango.

Simnyang'anyi sifa zake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Lipa, 1998, na wa kwanza kuwa gavana wa Batangas, 2007. Siku ninayomkumbuka zaidi ni ya Machi 2017, akiwa mbunge. Spika alikwishaonya kwamba kiongozi yeyote wa Bunge atakayepinga kurudishwa kwa adhabu ya kifo atavuliwa cheo. Vilma akapiga kura ya hapana. Akavuliwa uenyekiti wa kamati ya utumishi wa umma, na hata rais mstaafu Gloria Arroyo akapoteza unaibu spika kwa kosa hilo hilo. Wanasiasa wangapi waliosomea sheria wangemeza kidonge hicho?

Lakini tazama ngazi yenyewe. Sheria inaruhusu vipindi vitatu mfululizo vya miaka mitatu katika kiti kimoja. Vilma alikaa umeya miaka tisa, akahamia ugavana miaka tisa, kisha ubunge mpaka 2022. Ukomo uliwekwa ili viti vipate watu wapya. Kumbe mwenye jina huvuka tu kwenda kiti cha pili, na cha kwanza akamwachia ndugu. Katiba ya 1987 inakataza nasaba za kisiasa, ila inasema "kama sheria itakavyofafanua", na sheria ya kufafanua haijawahi kupita. Wa kuipitisha ni wabunge, na bungeni wamejaa watoto, wake na wajomba wa nasaba hizo hizo. Nani atakata tawi alilokalia?

Mei 2025 familia ilijitokeza kwa wingi. Ralph alikuwa waziri wa fedha. Mama aligombea tena ugavana. Mwanawe Luis Manzano, mtangazaji maarufu wa televisheni, alikuwa mgombea mwenza wake, kwa kiti cha makamu gavana kinachopigiwa kura yake peke yake, na mdogo mtu, Ryan, alitaka ubunge. Nilidhani wangezoa vyote.

Watu wa Batangas walimrudisha Vilma ofisini, wakampa Ryan ubunge. Luis, maarufu kuliko mdogo wake kwa mbali, wakamkatalia. Kiti cha makamu gavana walimpa Hermilando Mandanas, mzee yule yule aliyepokea ugavana kutoka kwa Vilma mwaka 2016.