MRI Lamu? Mimi Nasema Ikae Malindi

Ukikaa barazani Lamu na mazungumzo yakafika kwenye hospitali, hakosi mtu wa kusema: nasi tuletewe MRI yetu, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Namwelewa. Mgonjwa wa mgongo akiandikiwa picha hiyo, hubebwa kwa machela vichochoroni hadi gatini, apandishwe boti, ashushwe Mokowe, ndipo gari lishike njia ya Witu na Garsen. Kila tuta analisikia yeye.

Hata hivyo, zikipatikana fedha za mashine moja ya umma upande huu wa pwani, mimi nasema ikae Malindi.

MRI si eksirei, kwamba ukizima swichi umemaliza. Sumaku yake huwa haizimwi, usiku na mchana, na nyingi hupozwa kwa heliamu ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Mtambo wa kupozea ukikosa stima muda mrefu, heliamu huchemka ikatoka, na kuijaza tena ni pesa nyingi. Na stima zetu tunazijua. Bado hujaivusha sumaku ya tani kadhaa baharini, wala hujampata daktari wa kuzisoma picha. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kuzikodishia kaunti mashine za hospitali. Nyingine zilikaa tu kwa kukosa stima, maji au mtaalamu. Bili haikukosa kuja.

Mashine hii hula pesa hata isipopiga picha. Basi heri iwe penye foleni, na Malindi itapata wagonjwa wa Kilifi, Tana River na sisi.

Lamu tudai boti ya wagonjwa inayotoka hata usiku, na CT ya saa zote, yaani mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka. Mtu akipigwa na kiharusi, la kwanza kujua ni kama damu imevuja kichwani, na CT hujibu kwa dakika chache.

Tena mgonjwa aulizwe hukuhuku kabla ya kuvuka: una chuma mwilini? Kifaa cha moyo? Kipande cha risasi? Kina mama waambiwe watoe pini zote za mtandio, hata ile ya chini ya kidevu, maana sumaku huivuta ikaruka. Kumsafirisha mtu kutwa nzima kisha arudishwe mlangoni kwa swali la dakika tano ni dhuluma. Maswali yenyewe yanaenea kwenye karatasi moja, na karatasi haingoji bajeti.