Kabla hujanunua darubini, nisikilize kidogo

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ninunue darubini gani nianze kupiga picha za nyota?" na jibu langu huwa linawakera watu, maana nawaambia usinunue yoyote kwanza. Kama una kamera ya kubadilisha lenzi na tripodi isiyochezacheza, leo usiku toka uani ukaanze.

Mi nilianza kinyume. Nilibeba darubini ya vioo, bomba lenye urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga unasafiri ndani yake mpaka ujikusanye kuwa picha) wa milimita 900, boksi lake limeandikwa inakuza mara mia tano na ushee (usiwaamini hao, kanuni ya haraka ni kipenyo cha darubini kwa milimita mara mbili, yani ya milimita 60 mwisho wake kama mara 120, zaidi ya hapo unakuza ukungu tu). Nikatoa lenzi kwenye kamera, nikafunga adapta, nikaelekeza kwenye Mwezi, nikazungusha fokasi kwenda ndani mpaka ikagota, na Mwezi bado uji mtupu. Nilidhani kamera imekufa. Kumbe darubini nyingi za aina ile zimetengenezwa kwa ajili ya jicho, picha inajikusanya karibu sana na bomba, na kihisi cha kamera (kile kibapa kinachopokea mwanga) kimejificha huko ndani ya bodi, hakifiki pale picha ilipo, na unakuta kilichopungua ni milimita kadhaa tu! Lenzi ya Barlow ndo iliniokoa kwa sababu inaisukuma picha nje zaidi, ila nayo inakuza mara mbili kwa hiyo Mwezi ukawa hauenei kwenye fremu. Hicho kitu uliza kabla hujatoa hela.

Alafu kuna hili la Dunia kuzunguka. Tunalijua toka shule ila hulijui kweli mpaka upige picha. Anga inahama nyuzi 15 kila saa, na kamera inaliona hilo haraka sana. Watu hutumia kanuni ya 500: chukua 500 gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi, unapata sekunde za kuacha shata (pazia la kamera) wazi kabla nyota hazijawa mistari. Lenzi ya milimita 24 inakupa kama sekunde 20, ya 50 inakupa 10, na kama kihisi chako ni kile kidogo gawanya tena kwa 1.5. Sasa weka 900 pale uone, nusu sekunde! Nebula, yani yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani, utaipata wapi kwa nusu sekunde. Ndo maana nasema hela iende kwenye miguu, sio kwenye bomba. Stendi yenye mota inayoifuata anga, ambayo mhimili wake unaulaza sambamba na mhimili wa Dunia, ndo inayopiga picha, darubini imepanda tu juu yake kama abiria. Walio kaskazini wanailenga Kutubu, nyota ya ncha ya kaskazini, wanaendelea na maisha, walio kusini wana kazi maana nyota yao ya ncha, Sigma Octantis, hata kuiona kwa macho ni shida.

Kwa ambaye darubini tayari anayo, sawa, anza na Mwezi, hauhitaji mota. Kosa la wengi ni kuiachia kamera ijiamulie, inaona giza tele inafikiri hakuna mwanga, inakuletea sahani nyeupe. Weka mwenyewe: ISO (wepesi wa kihisi kushika mwanga) 100, sekunde 1/100, f/11 (upana wa tundu la lenzi) kama uko kwenye lenzi, ukiwa kwenye darubini jaribu hapohapo kisha panda au shuka. Tumia taima ya kamera, kidole chako kikigusa tu kila kitu kinatetemeka. Na usisubiri Mwezi mpevu, siku hiyo hauna vivuli umekaa kama chapa, nenda ukiwa nusu, ule mpaka wa giza na mwanga ndo wenye mashimo na milima. (Jua usilielekezee kitu chochote bila kichujio chake maalumu mbele ya darubini, hilo sina utani nalo.)

Sasa kuna watu wakisikia kwamba picha moja imetokana na picha hamsini zilizopangwa juu ya nyingine wanasema huo ni udanganyifu, mi hapo sikubali kabisa. Chengachenga za kihisi, vile vidoadoa vya picha za gizani, kila picha zinakaa mahali tofauti, nyota iko palepale, kwa hiyo ukichukua wastani chenga zinafutana nyota inabaki. Picha 4 zinapunguza chenga hadi nusu, 16 hadi robo. Hakuna kilichoongezwa. Programu kama Siril na DeepSkyStacker ni za bure, we piga tu kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) uzilishe.

Usiku ulionifundisha sikuwa na darubini kabisa. Lenzi ya milimita 50, ISO 1600, nimekaa juu ya ndoo. Alama ya mbali kabisa kwenye lenzi nilishaacha kuiamini, nikakuza nyota moja kali kwenye skrini nikazungusha taratibu mpaka ikawa kinukta. Nikalenga kundi la nyota la Orioni, pembeni ya zile nyota tatu za mstari ambapo kuna nebula, picha 60 za sekunde 5 kila moja, dakika tano jumla, nikawa nasogeza tripodi kila baada ya muda maana anga haikusubiri. Kati ya hizo 60 nilitupa 14 kwa sababu umande ulishaanza kukaa kwenye lenzi. Zilizobaki nikazipanga, nikavuta mwanga kidogo, na pale ambapo jicho langu lilikua linaona kamoshi ka kijivu pakatokea wingu la pinki. Dogo, kama ukucha. Nikamwamsha mtu nimwonyeshe, akaniambia nizime taa.