Mzee Anatibiwa Bure, Dawa Akanunue Nje

Mama yangu ana miaka 71 na presha inamsumbua mwaka wa tisa sasa. Kila mwezi, Alhamisi ya kliniki ikifika, anaamka saa kumi alfajiri, anachemsha maji, anaoga, anavaa gauni lake la bluu. Gauni hilo haliendi sokoni wala kanisani. Ni la kliniki. Kisha anamsubiri kijana wa bodaboda barabarani, maana kutoka kijijini kwetu, mkoani Tabora, hadi hospitali ya wilaya ni mwendo, na nauli ni shilingi 6,000 kwenda na 6,000 kurudi.

Mwaka jana nilikwenda likizo nikaamua kumsindikiza. Nilitaka kuona kwa macho yangu, kwa sababu kwenye simu Mama huwa anasema "niliendelea vizuri tu, mwanangu," na mimi huwa naridhika.

Tulifika wazee wenzake wameshajaza mabenchi. Ukutani kulikuwa na bango la kuwataka watu wawapishe wazee wahudumiwe kwanza, na kweli walipishwa. Nesi mmoja, binti mdogo tu, alikuwa anazunguka na mashine ya kupimia, anamwamkia kila mmoja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Akamfunga Mama mkono, akasubiri, akaandika 182 kwa 104. "Bibi, dawa unakunywa?" Mama akajibu kwamba anakunywa. Daktari naye alimsikiliza bila haraka, akamwandikia dawa tatu. Hakuna mahali alipodaiwa hata shilingi. Hilo nataka niliseme waziwazi, maana kuna watu wanaandika juu ya hospitali zetu kana kwamba hakuna kinachofanyika humo.

Tatizo lilikuwa dirisha la dawa. Dada wa dirishani aliipokea karatasi, akaisoma, akainuka kuangalia rafu, akarudi. Akachukua kalamu akazungushia duara dawa mbili kati ya zile tatu. "Bibi, hizi zimeisha. Utanunua nje."

Nilimtazama Mama nikitegemea atashtuka. Hakushtuka. Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akashukuru, tukaondoka. Famasi iko ng'ambo ya barabara. Nilinunua vidonge vya mwezi mzima na muuzaji akaniambia, "Leo bibi amekuja na mtu. Huwa ananunua kumi."

Jioni nilimuuliza. Akanitolea kopo la maziwa ya unga analoweka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na karatasi za dirishani, nikahesabu 14, zote zimezungushiwa kalamu, nyingine dawa zake hazikuwahi kununuliwa kabisa. "Vile vidonge kumi navipeleka mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Siku moja nanywa, siku moja napumzika. Kichwa kikitulia naacha hata siku tatu." Katikati hapo anakunywa maji ya mlonge na kutafuna kitunguu saumu, kwa sababu majirani wamemwambia vinashusha.

Presha haiendi hivyo. Dawa yake inafanya kazi ikinywewa kila siku, kichwa kiume au kisiume, na watu wengi wenye presha hawasikii kitu chochote mpaka siku mshipa wa kichwani unapopasuka au kuziba. Mama hajui hilo kwa sababu hakuna aliyemwelewesha akaelewa, lakini hata angelijua, asingekuwa na la kufanya. Alikuwa anagawa umaskini wake katika siku 30.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo. Ni ahadi nzuri, na ilikuja baada ya miaka mingi ya wagonjwa kuchangia gharama za matibabu, utaratibu ulioanza kwenye hospitali za serikali mwaka 1993. Mama ana kitambulisho cha mzee, amekilaminisha na kukihifadhi vizuri kuliko hati ya shamba. Lakini ahadi hiyo ilitolewa bila kusemwa nani ataijazia mfuko.

Hili lilinikaa vizuri kichwani siku nilipozungumza na mtu niliyesoma naye, ambaye sasa ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mkoa mwingine kabisa. Nilimpigia nikiwa na hasira. Alinisikiliza, halafu akaniambia, "Kaka, fanya hesabu na mimi. Mwenye bima akija, nadai fedha. Mwenye fedha taslimu akija, napokea. Mama yako akija, napoteza dawa na hakuna anayenirudishia. Na presha si malaria. Atarudi mwezi ujao, na ujao, mpaka Mungu amchukue."

Akanieleza mzunguko wenyewe. Kituo kinapata fedha kidogo moja kwa moja kwenye akaunti yake, utaratibu ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na hilo amelisifu, kwa sababu zamani fedha zote zilikaa halmashauri na kuziomba ilikuwa safari. Kinapata dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, kadiri ya salio lake. MSD ikikosa, anapewa taarifa kwamba haina, ndipo anaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa mzima, mfumo tunaouita Jazia. Sasa ili ununue kwa Jazia lazima uwe na fedha, na fedha inatoka kwa wagonjwa wanaolipa. Kwenye kijiji cha wazee na watoto, wanaolipa ni wangapi? "Kila mgonjwa wa msamaha, asiyelipa, ni shimo," alisema. Hakulisema kwa ubaya. Ni mtu anayekesha na akina mama wanaojifungua na kuamkia kliniki asubuhi.

Basi ndipo nilipoacha kumlaumu yule dada wa dirishani.

Nchi hii imejenga. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa 2007 hadi 2017, ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na ingawa hatukufika kote, mtu aliyepita vijijini miaka ya tisini akapita tena leo anaona tofauti. Tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, inayofanya upasuaji ambao zamani watu walipelekwa India. Najivunia vitu hivyo. Ila nimechoka kuona ubora wa huduma ukipimwa kwa idadi ya majengo yaliyokatiwa utepe. Mgonjwa wa presha hahitaji jengo kubwa. Anahitaji kidonge kimoja leo na kingine kesho, vya kampuni yoyote, visivyokatika.

Na wagonjwa hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini, kwenye rika la miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Rika hilo hata halimfikii Mama. Lakini hospitali zetu, tangu zamani, zimepangwa kwa ajili ya ugonjwa unaokuja na kuondoka: homa, kuhara, uzazi, jeraha. Presha na kisukari zikawekwa pembeni, siku moja ya wiki, hospitali ya wilaya. Zahanati iliyo dakika kumi kutoka kwa Mama ina mashine ya kupima presha. Inampima, inamwambia imepanda, inamwambia aende wilayani.

Pale kijijini kuna mzee tunayemwita Baba Mdogo. Miaka mitatu iliyopita aliangukia zizini jioni akifungia mbuzi, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Watu wakasema amekanyaga kitu. Wakamkalisha kwa mganga wa kienyeji siku tatu kabla ya kumpeleka hospitali. Mpaka leo amelala. Binti yake alifunga genge lake Nzega akarudi kumhudumia, kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, na watoto wa huyo binti wakahama shule. Ukichukua gharama ya nyumba ile peke yake, ukailinganisha na vidonge ambavyo Baba Mdogo alikuwa havimezi, utapata hasira kama yangu. Na hapo hatujasema wale ambao presha imewaua figo, wanaotakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki katika mji ambao hawana ndugu.

Lakini kiharusi cha Baba Mdogo hakijaandikwa popote. Hakuna aliyeitwa kikaoni kuulizwa kwa nini.

Nasema hivyo kwa sababu kuna jambo jingine ambalo tumelifuatilia, na likabadilika. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta akina mama 556 wanafariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Kushuka hivyo hakukuja kwa maombi. Mama akifariki akijifungua, wilaya inakaa kikao, jalada linafunguliwa, watu wanaulizwa: alifika saa ngapi, nani alikuwa zamu, damu ilikuwepo? Ukawekwa mfumo wa M-mama, unapiga 115 bure, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa kijijini aliyesajiliwa anambeba mjamzito na kulipwa na mfumo. Angalieni neno hilo: analipwa. Hakuambiwa ajitolee. Ahadi kwa mjamzito iliwekewa fedha, mtu wa kuwajibika na hesabu ya kila kifo. Bado kuna mapungufu, bado kuna akina mama wanaoambiwa waje na glovu na pamba zao, lakini njia tumeshaijua. Tuliitengeneza wenyewe.

Wazee wetu tumewapa kitambulisho na dirisha lao.

Huwa nasikia jibu kwamba watu wabadili mtindo wa maisha. Profesa Mohamed Janabi, ambaye tangu 2025 ni mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, amewafanya Watanzania waangalie sahani zao kuliko kiongozi mwingine yeyote wa afya ninayemkumbuka, na namshukuru. Watu mjini wamepunguza ugali, wamepunguza soda, wanatembea. Ila Mama hanywi soda na hajawahi kupanda lifti. Analima. Presha yake inahitaji dawa, na kumweleza habari za mazoezi mtu anayetoka shambani na jembe begani ni kumkosea heshima.

Jibu jingine ni bima. Kaya ya watu sita ilikuwa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, na wengi pale kwetu waliwahi kulipa. Hawakurudia, kwa sababu walifika na kadi dirishani wakaambiwa kilekile alichoambiwa Mama. Huwezi kumuuzia mtu kadi ya kitu ambacho hakipo rafuni. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake kuna mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mimi matumaini yangu yote yako hapo, kwenye kifungu hicho, kuliko kwenye mambo mengine yaliyoandikwa magazetini. Mfuko ule ukimlipia Mama kama NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inavyomlipia mtumishi wa umma, Mama anaacha kuwa shimo. Anakuwa mgonjwa anayeleta fedha kituoni, na mganga mfawidhi atakuwa na sababu ya kuhakikisha dawa zake hazikatiki. Mfuko ukiishia kwenye hotuba, vitambulisho vitabadilishwa rangi na kalamu itaendelea kuzungusha duara.

Kingine hakihitaji sheria. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu, azichukulie zahanati ya kijijini kwake. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wanapewa za miezi kadhaa, na hilo limeokoa nauli na limeokoa maisha. Kwa nini mzee wa presha asafiri kila mwezi kwa shilingi 12,000 kufuata vidonge vya bei ndogo kuliko nauli hiyo? Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za watoto na vyandarua, wapewe mashine ya kupimia na daftari la wazee. Mzee akianguka kwa kiharusi, kikao kikae, kama kinavyokaa kwa mjamzito. Waulizane vidonge vyake vilikatika lini.

Nilipomwambia Mama kwamba nitaandika haya, hakupinga. Aliniomba jambo moja tu, nisimtaje yule dada wa dirishani wala hospitali yake, wasije wakamwonea. "Ni mtoto mzuri," alisema. "Dawa zikiwepo ananiita kwa jina." Sijamtaja. Alhamisi ijayo ni kliniki, na hela ya vidonge 30 nimeshamtumia kwenye simu. Nimempigia pia kijana wa bodaboda nikamwomba asimrudishe Mama nyumbani kabla hajamwona akivinunua vyote.