Mtoto Akiongoza, Mwalimu Afanye Nini?

Mjadala wa elimu ya awali una kambi mbili ambazo ni nadra kusikilizana. Moja inasema mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza vizuri zaidi anapofuata kinachomvutia, hivyo kazi ya mtu mzima ni kumwandalia mazingira na kumpisha. Nyingine inasema mtoto hawezi kuchagua asichokijua, na miaka ya awali ni michache mno kuachiwa bahati. Kila kambi ina ushahidi wake. Zinachokosea zote mbili ni swali. Zinauliza nani aongoze, wakati la kuuliza ni aongoze nini. Mada, vifaa, kasi na mwenzi wa kucheza naye vinaweza kubaki mikononi mwa mtoto kwa sehemu kubwa ya siku. Mpangilio wa stadi, yaani nini kitangulie nini katika sauti, herufi na hesabu, ni jukumu la mtu mzima, na akilitupa hakuna mwingine wa kuliokota.

Waasisi wa mtazamo wa kumwachia mtoto aongoze walilijua hilo, ingawa baadhi ya wafuasi wao wamelisahau. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alifanya mchezo kuwa kiini cha siku, lakini vifaa vyake vya kuchezea vilipangwa hatua kwa hatua. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907. Katika utaratibu wake mtoto huchagua kazi na hukaa nayo muda autakao, ila matumizi ya kifaa huonyeshwa na mwalimu, na vifaa vimepangwa kuanzia chepesi kwenda kigumu. Mwaka 1938 John Dewey, ambaye wengi humtaja kama baba wa elimu inayomzingatia mtoto, aliwakosoa waziwazi waliodhani kuikataa shule ya zamani kunatosha kuwa mpango wa shule mpya.

Ushahidi unaounga mkono uongozi wa mtoto una uzito. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio lililohusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Waliochora kwa kuahidiwa tuzo, baadaye tuzo ilipoondolewa, walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora kwa hiari yao. Somo lake kwa vituo vinavyogawa stika kwa kila kazi liko wazi. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walionyesha jambo jingine linalopaswa kumtia mwalimu wasiwasi. Walitumia kichezeo chenye siri nne. Watoto waliofundishwa moja waziwazi walichunguza kidogo na kugundua siri chache kuliko wale walioachwa nacho bila maelekezo. Mtoto humwamini mwalimu: akionyeshwa jambo moja, huchukulia kwamba hakuna la zaidi.

Upande wa pili nao haupuuziki. Mwaka 2004 Richard Mayer alipitia tafiti za miongo kadhaa na kukuta kwamba ugunduzi usio na mwongozo wowote ulishindwa mara kwa mara mbele ya ugunduzi wenye mwongozo. Nchini Marekani, mradi mkubwa ulioitwa Follow Through, ulioanza mwaka 1968, ulilinganisha mbinu nyingi kwa watoto wa familia maskini kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Mafunzo ya moja kwa moja, yaani mwalimu kuonyesha na kueleza somo hatua kwa hatua, yaliongoza katika stadi za msingi. Tathmini hiyo ilikosolewa vikali, kwani matokeo ya mbinu ileile yalitofautiana sana kati ya mji na mji, lakini hakuna ukosoaji uliogeuza mbinu za kumwachia mtoto kuwa washindi wa kusoma na kuhesabu. Wapinzani wa mafunzo ya moja kwa moja hupenda kutaja utafiti wa HighScope huko Ypsilanti, Michigan, uliokuta kwamba waliofundishwa hivyo utotoni walikuwa na matatizo zaidi ya kijamii walipofika umri wa miaka 23. Utafiti huo ulianza na watoto 68 tu na ulifanywa na shirika ambalo mtaala wake wenyewe ulikuwa miongoni mwa iliyolinganishwa. Unastahili kusomwa kwa makini, lakini hautoshi kufunga mjadala.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko katikati, kwenye mchezo wenye mwongozo. Mwaka 2013 Kelly Fisher na wenzake waliwafundisha watoto wa miaka minne na mitano maumbo kwa njia tatu. Waliocheza huku mtu mzima akiwauliza na kuwaelekeza kugundua sifa za umbo walielewa zaidi kuliko waliosikiliza maelezo na kuliko waliocheza huru. Waliocheza huru hawakupata mengi kuhusu pembe na pande, kwa sababu hakuna kitu katika maumbo waliyochezea kilichomlazimu mtoto kuzihesabu.

Kwa hiyo ugumu wote uko kwenye ustadi wa mwalimu, na ustadi huo huanza na kuusoma mvuto wa mtoto. Hapa ndipo vituo vingi hukosea. Mtoto anasukuma magari kwenye kibao kilichoinama. Kesho yake ukutani kuna picha za magari, mezani kuna karatasi za kupaka magari rangi, na mwalimu anaandika kwamba amefuata mvuto wa mtoto. Mtoto haendi kwenye meza hiyo. Hakuvutiwa na magari, alivutiwa na kuteremka. Dawa yake ni kuandika vitenzi badala ya majina. Mwangalie mtoto dakika kumi bila kusema neno, kisha andika: anainua, anaachia, anafuata kwa macho, anarudisha. Rudia siku mbili nyingine, ikiwezekana akiwa na vifaa vingine. Kitendo kilekile kikijitokeza kwa gari, mpira na maji, hapo una mvuto halisi wa kufanyia kazi. Mtafiti Chris Athey wa Uingereza aliita mikondo hii ya vitendo vinavyojirudia skima: kubeba, kuzungusha, kufunika, kuzingira, kurusha na kuangusha. Ukiijua, hata tabia inayoonekana ya usumbufu, kama kuhamisha kila kitu kutoka kona moja hadi nyingine, inaanza kusomeka.

Tuendelee na mteremko. Weka vibao viwili vya urefu sawa, karibu mita moja kila kimoja, vipande vya mbao visivyopungua sita vya kuinulia, na utepe wa kuweka alama sakafuni pale gari liliposimama. Kitambaa kinene cha kutandika juu ya kibao kisubiri siku ya pili au ya tatu. Ukitoa vyote kwa pamoja, mtoto atabadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja na hataweza kujua ni lipi lililopunguza mwendo. Mwalimu akae karibu, usawa wa mtoto, na aanze kwa kueleza anachokiona kabla ya kuuliza: “Hili limefika mbali kuliko lile.” Kisha anyamaze kwa sekunde kumi hivi. Kimya hiki huwashinda walimu wengi kuliko jambo jingine lolote katika kazi hii. Swali, likihitajika, liwe moja na lijibike kwa mikono: “Ukiongeza kipande kimoja chini ya kibao, unadhani litafika wapi?” Swali la aina ya “hii ni rangi gani?” katikati ya kazi kama hiyo linaua fikra iliyokuwa inaendelea.

Utepe ule sasa unamletea mwalimu hesabu, na hapa mpangilio wa stadi ndio unaoamua cha kufanya. Mtoto anaweza kuhesabu magari matano bila kukosea, ukamuuliza yako mangapi, akaanza kuhesabu upya. Huyo hajafahamu bado kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Mwingine ukimwambia “nipe manne” anakupa konzi. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo atawapa wote wawili kazi ya kujumlisha, au hatawapa chochote kwa kuwa “bado wanafurahia”. Mvuto unafungua mlango wa hesabu, lakini haumwambii mwalimu hatua ipi inafuata.

Katika kusoma jambo hili ni zito zaidi. Ni nadra mtoto kuomba mwenyewe sauti anayohitaji kujifunza baada ya ile ya jana. Kusikia kwamba maneno mawili yanaanza kwa sauti moja, kugawa neno kwa silabi, kuunganisha sauti na herufi: haya yanahitaji zamu fupi zenye mpango. Dakika 10 hadi 15 kwa siku, watoto watano au sita, kwa njia ya mchezo, zinatosha na haziharibu uhuru wa siku. Maneno ya mfano yatoke kwenye kile watoto wanachokifanya wiki hiyo, ila mfululizo wa sauti ubaki uleule uliopangwa.

Pingamizi ninaloliona kuwa kali kuliko yote linahusu usawa, na watetezi wa uongozi wa mtoto huliepuka. Mvuto huzaliwa na uzoefu. Mtoto aliyeona vitabu vingi nyumbani ataiendea kona ya vitabu, asiyeviona hatajua hata kama ipo. Tena anayefuatwa darasani ni yule mwenye sauti. Katika kundi la watoto 24, mwalimu asipokuwa na orodha atajikuta na kumbukumbu nene za watoto wanane na karatasi tupu za waliobaki. Achague watoto watano kila wiki kwa uangalizi wa karibu, bila kujali nani anaonekana kuvutia. Baada ya wiki tano atakuwa amewafikia wote. Anayezunguka bila kutulia popote asiandikiwe kwamba hana mvuto kabla hajapimwa usikivu na uoni, na kabla mtu mzima hajakaa naye akicheza jirani kwa siku kadhaa. Na mwenye mvuto mmoja mwembamba, asiyetaka kingine, aanzie hapo na apelekwe hatua moja nje: kama ni magurudumu tu, basi magurudumu ya kuchapa kwa rangi, kisha ya kupanga kwa ukubwa, kisha ya kumpokeza mwenzake.

Muda nao hupangwa vibaya. Vipindi vya dakika 20 hukata mchezo ukiwa ndio kwanza wahusika wamegawana kazi. Dakika 45 hadi saa nzima bila kukatizwa ndicho kima cha chini chenye maana. Madarasa ya Montessori hulenga saa tatu.

Linabaki suala la idadi. Nchini Uingereza sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto wanane wa miaka mitatu na kuendelea, au 13 pale anapokuwepo mwalimu mwenye sifa. Mahali penye mwalimu mmoja kwa watoto 40, kumtaka afuate mvuto wa kila mmoja ni kumdai lisilowezekana, na matokeo yake huwa vurugu zilizopewa jina zuri. Hapo afadhali afungue kona tatu au nne zenye vifaa vinavyotumika kwa njia nyingi, kama mbao, maji, mchanga na vitambaa, awaachie watoto uchaguzi na muda, kisha yeye mwenyewe akae kwenye kona moja tu kwa siku, ahamie nyingine kesho, na ailinde ile robo saa ya sauti kwa vikundi hata kama kila kikundi kitaipata mara mbili tu kwa wiki.