Bosi akidanganya, nani hufungasha?

Jumamosi nilikuwa kwa dada yangu, Shela ya hapa Malindi, mvua ya masika inapiga mabati. Wasichana wake wakaweka filamu ya The Proposal, ile ya 2009 ya Sandra Bullock na Ryan Reynolds. Mwishoni kijana alipombusu bosi wake katikati ya ofisi, wafanyakazi wote wakitazama, sebule nzima ilipiga makofi. Mimi nilitoka nikakaa barazani.

Sina ugomvi na mapenzi. Ugomvi wangu ni namna yale yalivyoanza. Margaret ni mhariri mkubwa New York, raia wa Kanada, ombi lake la viza limekataliwa na yuko mbioni kurudishwa kwao. Anamwita msaidizi wake mbele ya wakubwa na kutangaza kwamba wao ni wachumba. Kijana hakuulizwa. Akikataa, kazi hana. Akikubali wakagundulika, kuna faini ya dola 250,000 na jela miaka 5. Sisi Malindi ndoa za makaratasi tunazijua, tumekula pilau zake. Lakini hata hizo, mara nyingi wawili hukaa kwanza wakapatana. Huyu aliamriwa, vile vile anavyoamriwa kuleta kahawa asubuhi.

Haya, kijana naye alidai apandishwe cheo, na Margaret aliungama kwa kinywa chake siku ya harusi, mbele ya wageni. Hilo nampa. Kinachonichoma ni kwamba kwenye filamu uongo ulipofichuka, mdogo hakupoteza kitu. Mimi niliyoyaona hayakuwa hivyo.

Niliwahi kukaa mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni. Shoga yangu alikuwa upande wa dobi, mashuka na mataulo. Supavaiza wake alimwambia hajaoa, na kwamba kibarua chake cha msimu atakigeuza mkataba wa kudumu. Miezi minane akimletea kanga, akimsindikiza hadi stendi ya matatu usiku. Sote tuliona, wengine tukamwonea wivu. Kisha siku moja mke akafika langoni na watoto wawili, mmoja mgongoni.

Siku ya tatu aliyeitwa ofisini ni shoga yangu. Aliambiwa kwa upole kwamba wageni wamepungua, hoteli inafunga kwa masika, atapigiwa simu Julai. Julai ikafika. Kazi ya kupiga simu nilipewa mimi. Nilipiga moja moja, wapishi, wahudumu, watu wa bustani, dobi wote. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Nilimaliza, nikarudisha orodha, sikuuliza. Ni miaka sita sasa na bado najiuliza ningeuliza ingekuwaje.

Ndiyo maana siwezi kucheka bosi anapomdanganya aliye chini yake, au anapomtumia, kisha tukaambiwa yalikuwa mahaba. Mshahara wa mtu ukiwa mkononi mwako, "ndiyo" yake utaijuaje kama ni ya moyo?

Filamu nyingine ya mapenzi, How to Lose a Guy in 10 Days, siigusi; pale wote wawili wanadanganyana kwa ajili ya kazi zao, na wamelingana.

Iko moja naipenda, nakiri: Working Girl ya 1988. Tess naye anadanganya. Anakaa kwenye kiti cha bosi wake aliyevunjika mguu, anajifanya mkubwa. Lakini bosi ndiye aliyetangulia kumwibia wazo lake, na Tess kasomea shule ya usiku hadi akapata shahada ambayo hakuna aliyeijali. Anaposhtakiwa kuwa mwongo, anaeleza wazo lilivyomjia kutoka vipande vya magazeti. Bosi anaulizwa yeye alilipata wapi, anababaika. Ule ni uongo wa aliyefungiwa mlango, nao ulimweka yeye mwenyewe hatarini kwanza. Siusifu. Nauelewa.

Mpwa wangu mkubwa alinifuata barazani na sahani ya mahamri. Julai hii anaanza kazi mapokezi, Watamu. Nikamsimulia yote, hata ile orodha. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Na yule supavaiza, mama mdogo?"

"Yupo. Funguo za stoo ya mashuka anazo yeye hadi leo."