Ramani Zinazoficha Darién

Kinachonikera zaidi katika kupanga safari ya pikipiki kutoka Alaska hadi Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, ni ramani zinazochora Barabara Kuu ya Pan-American kama mstari mmoja usiokatika. Barabara hiyo inakoma Yaviza, nchini Panama, na kuendelea tena karibu na Turbo, nchini Kolombia. Katikati kuna takriban kilomita 100 za misitu na vinamasi vya Darién, ambako hakuna lami wala daraja.

Katika safari ya kilomita zipatazo 30,000, kipande hicho kifupi ndicho kinachotafuna bajeti na kuvuruga ratiba. Pikipiki hulazimika kupelekwa kwa ndege hadi Bogotá au kwa kontena hadi Cartagena, baada ya kukaguliwa na polisi wa Panama, kupunguzwa petroli na kufunguliwa nyaya za betri. Wakala mmoja niliyewasiliana naye alinitajia bei, kisha akaongeza ada za bandari ambazo hakuwahi kuzigusia, na kila nilipouliza tarehe ya meli aliisogeza mbele, ilhali kibali cha muda cha kuingiza pikipiki nchini Panama kina siku yake ya mwisho.

Sidai msitu ule ukatwe, kwani ni makazi ya jamii za asili za Waemberá na Waguna, na Hifadhi ya Taifa ya Darién imo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Ninachodai ni kwamba wachora ramani waonyeshe pengo hilo waziwazi, na mawakala waandike gharama yote kabla ya kupokea hata senti moja ya msafiri.